Paka na Mbwa Hawakuanguka Paani: Nahau za Kiingereza na Hadithi Zinazobuniwa Kuzieleza

Kuna ujumbe mrefu unaozunguka katika makundi ya WhatsApp, na huenda umekwisha kukufikia mara mbili tatu, unaodai kufichua asili ya misemo ya Kiingereza ambayo shuleni tuliikariri bila kuelezwa. Unasema kwamba Waingereza wa miaka ya 1500 waliishi katika nyumba za nyasi, wanyama wao wakalala juu ya paa kutafuta joto, na mvua ilipozidi paa likawa na utelezi, paka na mbwa wakadondoka; ndiyo maana hadi leo mvua kubwa ikinyesha Mwingereza husema "it's raining cats and dogs", yaani kunanyesha paka na mbwa. Unaendelea kusema kwamba maiti walifungwa mkononi uzi uliounganishwa na kengele juu ya kaburi, ili aliyezikwa kwa makosa aweze kuitikisa na kuokolewa. Kisha unafika kwenye maji ya kuoga: baba aliingia kwanza, akafuata mama, wakafuata watoto, na zamu ya mtoto mchanga ilipofika maji yalikuwa machafu kiasi kwamba ungeweza kuyamwaga pamoja naye bila kumwona.

Ujumbe huo si mpya. Ulianza kusambaa kwa barua pepe mwaka 1999, na tangu hapo umetafsiriwa, umefupishwa na kuongezwa viungo na kila aliyeupokea. Wanaochunguza historia ya maneno wameukanusha karibu mstari kwa mstari. Hata hivyo bado unasomwa kwa heshima. Mimi mwenyewe nimewahi kumsikia mtangazaji wa redio akiusoma wote, kwa sauti ile ile anayosomea taarifa ya habari. Simlaumu sana. Nahau za Kiingereza kweli zinatatiza, na mtu aliyetatizwa hupokea jibu lolote lenye utamu.

Basi tufafanue kwanza tunazungumzia kitu gani. Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Ukiambiwa fulani ana mkono wa birika, unaelewa kwamba ni bahili, ingawa ukilitafuta neno mkono kwenye kamusi, kisha ukalitafuta birika, hutaukuta ubahili popote. Methali ni kitu kingine, kwa kuwa ni usemi uliokamilika wenye funzo ndani yake, nayo husimama peke yake. Nahau haisimami mpaka ipate mtu wa kuibeba: ni lazima awepo aliyemwaga unga, aliyevaa miwani, aliyekula chumvi nyingi. Na asili ya nahau, yaani tukio au kazi au mchezo ambamo maneno hayo yalianza kutumika, ni jambo la tatu lililo mbali na maana yake. Mkanganyiko mwingi hutokana na kudhani kwamba asili na maana ni kitu kimoja, na kwamba mzungumzaji mzawa anazijua zote mbili. Hazijui. Mwingereza anayesema jirani yake amepiga ndoo teke hajui ndoo hiyo ilikuwa ya nani, kama vile sisi tunavyosema mzee fulani amekata kamba bila mtu yeyote msibani kuuliza ni kamba ipi.

Karibu kila mji wetu una kituo cha daladala kiitwacho Mbuyuni au Mwembeni. Konda anapaza sauti, "Mbuyuni wapo?" Abiria anaitikia, gari linasimama, na mtu anashuka mbele ya kituo cha mafuta na maduka ya simu. Mbuyu ulikwisha kukatwa zamani, lakini jina linaendelea kufanya kazi barabara, kwa sababu kazi ya jina la kituo ni kumfikisha abiria, wala si kumsimulia habari za mti. Nahau nazo ziko hivyo hivyo. Na kama ambavyo mgeni anayeuliza habari za mbuyu uliokatwa hatakosa wa kumsimulia juu ya mzimu uliokaa humo, ndivyo nahau ambayo asili yake imefutika isivyokosa mtu wa kuitungia hadithi.

Paa, paka na mvua

Nianze na hilo la paa, kwa sababu ni dai ambalo wengi wetu tunaweza kulipima kwa macho yetu wenyewe. Aliyekulia katika nyumba ya makuti au ya nyasi atuambie kama amewahi kumwona mbwa amelala juu yake. Paa la makuti lililoezekwa na fundi hupewa mteremko mkali makusudi ili maji yasipate nafasi ya kutuama. Paka anaweza kupita juu yake akiwinda mjusi, lakini wingu likifunga tu yeye ndiye wa kwanza kushuka, na ukimtafuta utamkuta uvunguni mwa kitanda au kando ya jiko, amejikunja, manyoya makavu. Mnyama anayekimbia mvua haendi juu ya paa. Anaingia chini yake.

Maandishi nayo yanasema hadithi nyingine. Katikati ya karne ya 17, mwandishi wa tamthilia wa Kiingereza, Richard Brome, alimtungia mhusika wake maneno kwamba kutanyesha mbwa na vicheche. Angalia: mbwa wapo, lakini paka hawapo. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika shairi juu ya mvua kubwa jijini London, na katika mistari ya mwisho anaonyesha mafuriko yakisomba uchafu wa mitaani, wakiwemo vitoto vya mbwa waliozama, paka waliokufa, na samaki wanaonuka. Kisha mwaka 1738 Swift huyo huyo, katika kitabu cha kukejeli mazungumzo ya mabwana na mabibi wa mjini, aliyatumia maneno ya paka na mbwa karibu kama yanavyosemwa leo. Kitabu hicho kilikusanya misemo iliyochujuka kwa kurudiwarudiwa, kwa hiyo tunajua kwamba kufikia wakati huo usemi huo ulikuwa umekwisha kuchosha masikio.

Wapo wanaosema shairi la 1710 ndilo chanzo: watu waliiona mizoga barabarani baada ya mvua, wakasema imenyesha. Yeyote aliyepita Jangwani jijini Dar es Salaam asubuhi baada ya Mto Msimbazi kufurika anaweza kulielewa wazo hilo bila kuelezwa mara mbili. Lakini Brome alitangulia kwa zaidi ya nusu karne, na kicheche wake hayumo katika mafuriko ya Swift. Kwangu mimi maelezo yenye nguvu zaidi hayapatikani Uingereza peke yake, bali kwa majirani zake. Kwa Wadenmark, mvua kubwa ni wanagenzi wa mafundi viatu wanaonyesha kutoka mbinguni. Kwa Wagiriki ni miguu ya viti, kwa Wacheki ni matoroli. Watu wa Wales husema kunanyesha bibi vizee na fimbo, na wasemaji wa Kiafrikana huko Afrika Kusini wana bibi vizee hao hao, ila wameshika rungu. Hakuna anayejisumbua kutafuta paa ambalo bibi vizee hao walidondoka kutoka juu yake. Ni wazi kwamba lugha nyingi zikitaka kueleza mvua ya kutisha huokota kitu kizito, chenye kelele, kisichowezekana kabisa kutoka mawinguni, na kadiri kisivyowezekana ndivyo kinavyofaa. Sisi tunasema mvua inamwaga, kana kwamba kuna mtu huko juu ameinamisha ndoo, na hakuna aliyewahi kuuliza jina lake.

Ndoo isiyo ndoo

Tukiwa bado kwenye ndoo, "kick the bucket" ni nahau ya kufa, ya utani kidogo, ambayo usingeitumia kwenye tangazo la tanzia. Imo katika kamusi ya maneno ya mitaani iliyotolewa na Francis Grose mwaka 1785. Maelezo yanayopendwa ni ya mtu anayejinyonga: anasimama juu ya ndoo, anajifunga kitanzi, anaipiga ndoo teke. Picha hiyo inaingia akilini haraka mno, na wepesi huo ndio unaopaswa kututia shaka, kwa kuwa nahau yenyewe haikuhusishwa na kujiua. Ilitumika kwa mtu yeyote aliyekufa, hata kwa homa kitandani.

Maelezo ambayo wanakamusi wengi huyapa uzito yanahitaji ujue kwamba Kiingereza cha zamani, hasa cha vijijini, kilikuwa na neno jingine lenye matamshi hayo hayo ambalo maana yake haikuwa ndoo. Lilikuwa ni mti au boriti ya kuning'inizia au kubebea vitu. Shakespeare alilitumia neno hilo katika sehemu ya pili ya tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne, akitaja mti wa mpishi wa pombe ambao vyombo huning'inizwa juu yake, kitu kama mzega wetu. Nguruwe aliyechinjwa alifungwa miguu ya nyuma kwenye boriti ya namna hiyo, na katika mtukutiko wa mwisho miguu yake iliigonga. Kwa maelezo haya, ndoo haikuwamo tangu mwanzo, na kila tafsiri ya Kiswahili inayosema fulani amepiga ndoo teke imekosea mara mbili, kwanza kwa kutafsiri nahau neno kwa neno, na pili kwa kulitafsiri neno lisilokuwepo. Mwaka 2007 filamu moja ya Kimarekani ilichukua neno hilo na kulifanya jina la orodha ya mambo ambayo mtu anataka kuyatimiza kabla hajafa, na leo vijana wa dunia nzima wanapanga orodha hizo, za kupanda Kilimanjaro na kuogelea na pomboo, bila kumfikiria nguruwe hata kidogo.

Hadithi na nahau ziwe na umri mmoja

Turudi kwenye kengele ya makaburini, kwa sababu hapa uongo umechanganywa na ukweli, na mchanganyiko huo ndio unaowanasa hata watu makini. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 hofu ya kuzikwa ukiwa hai ilikuwa kubwa Ulaya na Marekani, na ni kweli kwamba wavumbuzi waliandikisha hataza za majeneza yenye kengele na mirija ya hewa. Lakini usemi "saved by the bell", yaani kuokolewa na kengele, hautoki huko. Unaonekana katika habari za ndondi za mwishoni mwa karne hiyo, na sababu yake iko wazi kwa yeyote anayefuatilia masumbwi. Bondia aliyeelemewa, amebanwa kwenye kamba, magoti yanalegea, anasikia kengele ya kumaliza raundi na kupata dakika moja ya kupumua kwenye kona yake.

Hapa ndipo tarehe inapofanya kazi ya ushahidi. Chini ya kanuni za London za mwaka 1838, raundi haikuwa na dakika maalumu. Ilikwisha pale bondia mmoja alipoanguka. Kengele isingeweza kumwokoa mtu, kwa sababu anguko lake ndilo lililoimaliza raundi. Ni kanuni za Queensberry, zilizotangazwa mwaka 1867, ndizo zilizoweka raundi za dakika tatu na mapumziko ya dakika moja. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba usemi huu ni wa miaka ya 1500 anatuambia kwamba watu walikuwa na nahau miaka mia tatu kabla ya kuwa na kitu kinachoizaa. Ndondi imezaa nyingine pia: kupiga chini ya mkanda, na kutupa taulo, ambayo hapo mwanzo ilikuwa kutupa sponji, kwa kuwa wasaidizi wa bondia walishika sponji ya kumfutia damu kabla taulo halijachukua nafasi yake.

Kipimo hicho hicho kinaiangusha hadithi ya "dead ringer", ambayo ujumbe wa WhatsApp unaipeleka tena makaburini kwa yule yule aliyezikwa hai. Usemi huo humhusu mtu anayefanana na mwingine kabisa, wale tunaosema ni kama shilingi kwa ya pili. Chanzo chake ni mbio za farasi nchini Marekani, ambako farasi mwenye kasi, aliyeitwa "ringer", aliingizwa kwa jina la farasi dhaifu anayefanana naye ili waliojua siri wavune kwenye kamari. Aliyewahi kusimamia mashindano ya shule anamjua mtu huyo vizuri, ni mamluki, mchezaji wa mtaani aliyevalishwa sare ya wanafunzi. Neno la kifo, "dead", lililotangulia mbele yake halina maiti ndani yake; katika Kiingereza linaweza kumaanisha kabisa au barabara.

Kuhusu "spill the beans", yaani kumwaga maharagwe, maana yake ikiwa kutoa siri, utaambiwa kwamba Wagiriki wa kale walipiga kura kwa kunde nyeupe na nyeusi na aliyeangusha chungu aliharibu siri ya uchaguzi. Usemi huo ulianza kuonekana Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Nahau haiwezi kujificha miaka elfu mbili bila kuacha alama katika maandishi yoyote. Sisi tunaoonya kwamba mtama usimwagwe penye kuku wengi hatuhitaji Wagiriki kuuelewa usemi huo.

Kidole gumba mbele ya hakimu

Hadithi nyingi za namna hii hazimdhuru mtu. Iko moja iliyofika hadi kwenye mijadala ya sheria, nayo inastahili kuangaliwa taratibu.

"Rule of thumb", kanuni ya kidole gumba, ni kisio la mzoefu lisilohitaji vipimo vya maabara. Mama anayebandika wali anatumbukiza ncha ya kidole hadi iguse mchele, kisha anaongeza maji mpaka yafike pingili ya kwanza. Hana kikombe cha kupimia, na wali hauwi bokoboko. Hiyo ndiyo kanuni ya kidole gumba, ingawa kidole chake ni cha shahada. Mafundi seremala na washonaji wa Ulaya walitumia upana wa kidole gumba kukadiria, kama watu wa pwani walivyopima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa pima, ambavyo vyote ni viungo vya mwili. Usemi wa Kiingereza umo katika vitabu vya karne ya 17, na humo unahusu makadirio ya kazi tu.

Ila tangu miaka ya 1970 limeenea dai kwamba asili yake ni sheria ya Uingereza iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba. Sheria hiyo haikuwahi kuandikwa. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1782 zilivuma habari kuwa jaji mmoja, Sir Francis Buller, alisema maneno ya namna hiyo, na mchora katuni James Gillray akamchora kama Jaji Kidole Gumba, akiuza fimbo kwa waume. Katika hukumu za Buller zilizohifadhiwa maneno hayo hayamo. Mwaka 1982 tume ya haki za kiraia ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu wanawake wanaopigwa, ikaupa usemi huo nafasi katika jina la ripoti yenyewe, na kuanzia hapo hadithi ikapata muhuri.

Kukanusha asili ya nahau si kukanusha mateso. Mahakama za Ulaya na Marekani ziliwavumilia waume waliowapiga wake zao kwa muda mrefu, na ziko hukumu za Marekani za karne ya 19 zilizokigusia kipimo cha kidole gumba kwa fimbo. Ukatili huo una kumbukumbu zake nyingi zinazoweza kuletwa mbele ya yeyote. Ninachosema ni kwamba usemi ulikuwapo zaidi ya miaka mia moja kabla ya katuni ile, ukiwa karakana kwa mafundi, na mwanamke anayeacha kuutumia kwa kuona unamtukana anaadhibu neno lisilo na kosa.

Xawa ya mwaka 1839

Kundi jingine la hadithi ni la akronimu, yaani neno linaloundwa kwa herufi za mwanzo za maneno mengine. Utaambiwa kwamba "posh", neno la Kiingereza la ukwasi na umaridadi, ni kifupi cha maneno yaliyogongwa kwenye tiketi za meli za Uingereza kwenda India, kuonyesha kwamba abiria alipewa chumba cha upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi, ili jua lisimpate. Tiketi yenye mhuri huo haijapatikana hata moja. Kabla ya karne ya 20 watu hawakuwa na mazoea makubwa ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo, kwa hiyo ukiletewa akronimu ya kale sana, ishuku.

Ishuku, lakini usiikatae kabla ya kutazama karatasi, maana lipo neno moja lililotokana na herufi kweli, nalo ndilo labda linalotamkwa zaidi duniani: OK. Limesingiziwa asili nyingi, za lugha za wenyeji wa Marekani, za Afrika Magharibi, za bandari za Ufaransa. Mwanaisimu Allen Walker Read ndiye aliyemaliza ubishi kwa makala alizochapisha mwaka 1963 na 1964, baada ya kupekua magazeti ya zamani. Alionyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1830 waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kuandika misemo kwa makosa ya makusudi, kisha kuifupisha kwa herufi za mwanzo za makosa hayo. Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "yote sahihi" yaliandikwa kimakosa "oll korrect", na tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post likachapa kifupi chake, herufi o na k.

Wazee waliokasirishwa na vijana wetu wanaoandika "xawa" badala ya sawa, na "cjui" badala ya sijui, wakae wakijua kwamba OK ilizaliwa hivyo hivyo: ilikuwa xawa ya Boston, tena yenye maana ile ile. Vifupi vingine vya mchezo ule vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa, kwa kuwa mwaka uliofuata Rais wa Marekani, Martin Van Buren, aligombea kipindi cha pili, naye alizaliwa katika mji wa Kinderhook. Wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, wakaunda klabu za O.K., na herufi mbili zikapata kampeni ya nchi nzima. Van Buren alishindwa uchaguzi. Herufi zilibaki.

Pengine unaona kwamba nahau zenye asili ya kweli huwa na historia ya kupindapinda, yenye makosa ya tahajia, farasi wa kughushi na wanasiasa walioshindwa, wakati zile za uongo zimenyooka kama hadithi ya kulaza watoto. Hata pale shujaa anapokuwa wa kweli hadithi hunyooshwa. Katika vita vya Copenhagen, tarehe 2 Aprili 1801, Horatio Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, alipewa ishara ya kurudi nyuma na mkubwa wake, akaweka darubini kwenye jicho la kulia, lililopoteza nuru vitani huko Calvi mwaka 1794, akasema haoni ishara yoyote. Kisa hicho kinapendwa mno kama chanzo cha nahau ya kugeuza jicho pofu, ambayo sisi tunaiita kufumbia macho. Lakini maneno hayo yamo katika maandishi ya Kiingereza ya mwaka 1698, na Nelson alizaliwa 1758. Aliipa nahau umaarufu, hakuizaa.

Zinapovuka bahari

Kwa msomaji wa Kiswahili, tatizo halisi huanza nahau hizi zinapoingia katika lugha yetu kupitia mlango wa tafsiri. Chumvi ni mfano mzuri. Kwetu anayetia chumvi ni mtu anayezidisha habari. Mwingereza naye husema maneno fulani yapokelewe kwa punje ya chumvi, akiwa na maana kwamba yasiaminiwe yote. Msemo wake unafuatishwa hadi kwa Mroma Pliny wa karne ya kwanza, aliyeandika kwamba katika karatasi za mfalme Mithridates ilipatikana dawa ya kujikinga na sumu: kokwa mbili za jozi, tini mbili na majani 20 ya mmea mchungu, vyote vitwangwe pamoja, na punje moja ya chumvi. Kwa Pliny chumvi ilikuwa chumvi. Baadaye ikageuka kuwa kinga ya kumeza maneno yenye shaka. Kwa hiyo katika Kiswahili chumvi hutiwa na msemaji, na katika Kiingereza hutiwa na msikilizaji, na mfasiri anayezichanganya atampa mtu kosa la mwingine.

Sisemi kwamba nahau za kigeni zizuiwe mpakani. Hata ile ya kumtupa mtoto pamoja na maji ya kuogea, yaani kutupa kizuri pamoja na kibaya, ambayo ujumbe wa WhatsApp unaipa asili ya familia chafu ya Kiingereza, ni ya Kijerumani. Imo katika kitabu cha Thomas Murner cha mwaka 1512, tena na picha ya mwanamke akimwaga beseni, na Waingereza waliipokea katika karne ya 19 kupitia mwandishi Thomas Carlyle, aliyekuwa msomaji mkubwa wa Kijerumani. Ilipokelewa bila ubishi kwa sababu picha yake ilivuka pamoja nayo, kwani kila nyumba ina beseni. Ndivyo pia kutupa taulo kulivyokaa vizuri katika kurasa zetu za michezo, na mpira kuwa upande wa mtu fulani kulivyokaa katika siasa: msomaji anauona ulingo, anauona uwanja, anaelewa.

Ile isiyokuja na picha ndiyo inayotusumbua, na kinara wake ni "mwisho wa siku". Katika Kiingereza maneno hayo yamepoteza jua na magharibi yake; maana yake ni kwamba baada ya kuzingatia mambo yote. Yalipotafsiriwa yalikuta Kiswahili tayari kina mwisho wa siku wa kweli, wenye saa yake, kwa kuwa siku yetu hufunga saa kumi na mbili jioni na adhana hutangaza.

Nilikuwapo kwenye mkutano wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa ambapo katibu, kijana mwenye maneno mazuri, aliwatuliza wanachama kuhusu gawio lililochelewa. "Msiwe na wasiwasi," alisema, "mwisho wa siku kila mtu atapata haki yake." Mkutano ulifungwa saa tisa, watu wakatawanyika, isipokuwa bibi mmoja muuza samaki aliyebaki kwenye benchi, kikapu miguuni. Katibu alipomaliza mahesabu yake na kufunga daftari, adhana ya magharibi ilikuwa inaanza.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "siku ndiyo hiyo imekwisha."

"Shikamoo bibi. Imekwisha, ndiyo. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Nasubiri haki yangu."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa aliona haya, akaeleza kwamba hakuwa na maana ya jioni ile, alikuwa na maana ya baadaye, mambo yote yakishakamilika, labda mwezi ujao. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akajifunga kanga yake upya, akanyanyua kikapu.

"Si ungesema hatimaye," akamjibu, "ningekwenda kuuza samaki wangu."